Uchaguzi wa Vitafuta-Hitilafu katika Kiini cha Linux

Kiini cha Linux, kilichoanzwa na Linus Torvalds huko Ufini mwaka 1991, ndicho kisimamiacho kazi zote za kompyuta. Kabla ya kukijenga, hapana budi kuchagua vitafuta-hitilafu vya kutiwa ndani yake, navyo havina gharama moja. DEBUG_INFO hukuza mafaili, lakini haipunguzi mwendo. PROVE_LOCKING huonya juu ya kufuli ziwezazo kukwamishana, hata kabla hazijakwama. KASAN hufichua matumizi haramu ya kumbukumbu. Lakini aina yake ya jumla hutwaa sehemu 1 kwa 8 ya kumbukumbu yote, na kuchelewesha kazi. Bila ya hiyo, kosa la namna hii huweza kuharibu data kimyakimya, likadhihirika mbali na chanzo chake. Basi dalili ya kosa na iongoze uchaguzi.