Taa ndogo ya kumwambia shofere: ongeza vitesi



Leo ninaleta somo la ufundi, lakini ni somo la mfukoni pia. Hapa Bukavu tungali na taksi nyingi za zamani, za kubadilisha vitesi na mkono, ambazo kwenye tablo hazina ile saa ya kuonyesha motere inazunguka mara ngapi kwa dakika. Shofere anafuata masikio tu. Akiwa na haraka, anakaa kwenye vitesi ya pili mpaka motere inalia, na esanse nyingi inapotea bure katika msuguano wa vyuma. Kwa mtu anayepaswa kumpelekea mwenye gari pesa yake kila jioni, ile esanse njo chakula cha watoto.

Ulaya waliliwekea jambo hili sheria: tangu Novemba 2014, kila gari ndogo mpya ya vitesi vya mkono inauzwa ikiwa na alama ya kumwonyesha shofere wakati wa kubadilisha. Nyingi kati ya gari zetu zilitengenezwa mbele ya hapo. Basi niliamua kuitengeneza taa hiyo mwenyewe, juu ya gari ya kaka yangu, Toyota ya esanse yenye silinda 4.

Tuanze na hesabu yake. Motere ya silinda 4 inawasha bujie mara 2 kwa kila mzunguko. Kama gari iko na bobini moja tu, bobini hiyo inapiga mara 2 kwa kila mzunguko. Kwa hivi mizunguko 3,000 kwa dakika ni mapigo 100 kwa sekunde, yaani milisekunde 10 kati ya pigo na pigo. Kanuni ni fupi: chukua 30,000, gawa kwa milisekunde hizo. Ukipata milisekunde 12, motere iko kwenye 2,500. Lakini angalia: gari zenye bobini moja kwa kila bujie, kwa kawaida kila bobini inapiga mara moja kwa mizunguko 2. Hapo unagawa 120,000, siyo 30,000.

Vifaa ni hivi: kadi ndogo ya Arduino, taa moja ya LED na rezistansi yake ya om 330, chaja ya simu ya kuchomeka kwenye gari, na optokapla. Hii ya mwisho ni kipande kidogo chenye taa ndani upande mmoja na jicho upande wa pili: umeme hauvuki, mwangaza tu njo unavuka.

Sababu ya optokapla ni hii. Bobini inapokatiwa umeme, waya wake wa negativu unaruka mpaka volti mia kadhaa. Ukiufunga moja kwa moja kwenye Arduino, kadi inakufa palepale. Mimi nilitoa waya kwenye pozitivu ya volti 12 baada ya kontakti, nikapitisha kwenye fyuzi ya ampea 1, kisha rezistansi ya kilo-om 4.7, kisha taa ya optokapla, mpaka negativu ya bobini. Sambamba na taa hiyo niliweka diyode 1N4007, ikiwa imegeuzwa, ili ile volti kubwa ipite pembeni. Chaja ya simu inaipa kadi volti 5 safi, kwa maana motere ikiwaka, umeme wa gari unapita volti 14.

Katika programu, weka mambo matatu. Mapigo yanayofuatana chini ya milisekunde 3 yatupwe, ni kelele ya umeme. Chukua wastani wa mapigo kadhaa, siyo pigo moja. Na taa iwake kwenye 2,500, lakini izimike ikishuka chini ya 2,300. Bila hivyo itapepesa kama jicho lenye vumbi. Mwisho, linganisha na kipimo cha garaje, na uiweke pembeni ya tablo, isimpige shofere machoni usiku.

Gari ya mazutu haina bobini ya bujie. Mafundi wengi wanachukua mapigo kwenye alama W ya alternateri, na hesabu yake ni nyingine.

Sasa jambo ambalo ninaomba lisisahauliwe. 2,500 ni namba ya barabara ya sawasawa. Taa inahesabu mizunguko, haioni mlima wala haijui watu wangapi wamepanda. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi na motere isiyo na turbo inapoteza nguvu. Ukiitii taa ukipanda Ngomo na gari imejaa, unaingiza vitesi ya tatu, motere inatetemeka na kugonga, na unaharibu kile ulichotaka kulinda. Kwa hiyo niliweka kitufe cha pili: ukikibonyeza, taa inangoja mpaka 3,300. Namba hiyo hatukuitoa kitabuni. Kaka aliendesha, mimi nikasoma namba kwenye kompyuta, yeye akasema wapi motere inapumua vizuri.

Ukimtengenezea mtu taa hii, fanya vilevile: keti naye ndani ya gari, kwenye mlima wake, mbele ya kufunga kisanduku.