Simu ya Upepo ya Kukanyaga

Australia ni nchi kubwa. Inaizidi Tanzania kama mara 8. Lakini watu wake ni kama milioni 27 tu, na wengi wanakaa mijini, karibu na pwani. Huko bara kuna wafugaji wanaokaa mbali sana na jirani.

Je, nani atasimamisha nguzo na kuvuta waya kilometa 100 kwa ajili ya nyumba moja? Gharama ni kubwa mno. Kwa hiyo zamani mama akishikwa na uchungu huko, hakuna aliyepata habari.

Mwaka 1928 daktari alianza kuwafuata wagonjwa kwa ndege kutoka mji wa Cloncurry. Lakini ataitwaje? Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alileta simu ya upepo isiyohitaji waya. Umeme wake ulitoka kwenye pedeli kama za baiskeli. Kazi kweli! Miguu inakanyaga, mkono unapiga alama za milio mifupi na mirefu.

Alama hizo ziliwashinda wengi. Basi Traeger akatengeneza vibonye vya herufi, kama vya mashine ya taipu. Sasa aliyejua kusoma aliweza kumwita daktari.

Siku hizi nyumba za mbali zinatumia setilaiti. Shirika la serikali lilipeleka mbili angani, mwaka 2015 na 2016, kwa ajili ya intaneti. Ziko juu kama kilometa 36,000. Ndiyo maana ukizungumza kwa njia hiyo, jibu linachelewa kidogo.