Lugha za Tarime na Serengeti Zichunguzwe Vijijini

Wapo ndugu zetu wanaonung'unika kila wasikiapo kwamba mtaalamu wa lugha amefika Tarime au Mugumu na daftari lake. Husema: Taifa limekwisha kupata Kiswahili; ya nini kufukua Kikuria, Kingoreme na Kinata, kama si kuufufua ukabila? Swali hilo si la kipuuzi, wala hatulidharau. Lakini twaona kwamba limeelekezwa pasipo pake.

Tutazame Tarime. Koo za Wanchari, Wairege, Wakira na Wanyabasi zimepata kumwaga damu kwa ajili ya ardhi na ng'ombe. Hata hivyo mchunguzi apitaye kutoka ukoo mmoja hata mwingine, akiuliza maneno yale yale, hukuta lugha moja yenye tofauti za matamshi na maneno, nayo yavuka mpaka mpaka Kenya. Anayemwita jirani yake mgeni hapati ushahidi katika ulimi wake mwenyewe. Je, huo ndio ukabila?

Wilayani Serengeti jambo ni gumu zaidi. Wataalamu wamezoea kuviweka Kiikoma, Kinata na Kiisenye katika fungu moja, kuwa ni lahaja za lugha moja. Wenyewe wajihesabu watu watatu, kila mmoja na masimulizi yake. Hukumu hiyo ina uzito, maana lahaja itakayoteuliwa kuandikwa ndiyo itakayoingia vitabuni, na zile nyingine zitaanza kuonekana kuwa ni makosa.

Hayo hayaamuliwi mezani Dar es Salaam. Kikuria, kama Kiikoma na Kinata, kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Mwandishi akizisonga saba ndani ya herufi tano, maneno mawili mbalimbali huweza kuandikwa sawasawa. Tena katika nyakati fulani za kitenzi, Mkuria huhesabu tangu mwanzo wa shina hata pigo la nne ndipo apandishe sauti, wala hana habari kwamba anahesabu. Nani atalijua hilo kwa barua?

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Kazi hiyo twaisifu kwa moyo wote. Lakini ramani huonyesha lugha iliko, haionyeshi isemwavyo. Hata orodha ya maneno ya kichwa, maji na moto haitoshi. Iritongo, lile baraza la hadhara la Wakuria, halimo katika orodha hiyo. Wala nyumba ntobhu, desturi ya mama asiye na mtoto wa kiume kuoa mke ili apate uzao. Maneno hayo hutaka mtu aketi na kusikiliza. Na mchunguzi atakayezungumza na viongozi wa kijiji peke yao (twasema hili bila kuwavunjia heshima) atarudi na Kiswahili cha ofisini.

Basi wanachama wa matawi ya Tarime na Serengeti, mtaalamu afikapo, mpelekeni kwa wazee, na kwa akina mama walioolewa kutoka koo nyingine, ambao masikio yao hutambua tofauti upesi kuliko ya wenyeji. Naye asiondoke na kanda zote. Nakala zibaki Tarime na Mugumu, shuleni na maktabani, ili waliozitoa sauti hizo wazisikie wangali hai.