Nyasi za Pichani Zisitufiche Ukame

Mwezi wa Septemba mwaka 2022, mjukuu wa mama yangu alihitimu masomo ya chuo kikuu, nasi jamaa tukakusanyika nyumbani Makueni kumpongeza. Kama ilivyo ada siku hizi, mpiga picha aliitwa. Akamketisha mama ugani juu ya kiti cha mbao, mjukuu akasimama nyuma yake na joho lake jeusi, picha ikapigwa. Baada ya wiki mbili ililetwa ikiwa imekwisha kutiwa fremu. Mama aliisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa ni kwa nani?"

Nikamwambia ni kwake. Akatikisa kichwa. "Kwangu mimi nyasi hizi zilitoka wapi? Na kama zilikuwapo, wale ng'ombe wangu wawili walikufa kwa kukosa nini?"

Sikuwa na jibu. Siku ile ya sherehe, uga ule ulikuwa vumbi jekundu na vishina vya nyasi vilivyokauka vikawa na rangi ya kaki. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 misimu ya mvua ilikuwa ikishindwa mmoja baada ya mwingine, hata kufikia mwisho wa mwaka 2022 ikawa mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za nchi yetu. Lakini pichani mama yangu alikuwa ameketi katikati ya zulia la kijani kibichi, mithili ya uwanja wa gofu.

Nilimtafuta yule mpiga picha, si kwa nia ya kugombana naye. Ni kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake. Akanieleza, "Mzee wangu, mteja akiona nyasi zimefifia husema kamera yangu ni mbovu. Zikiwa kijani, hulipa bila maneno." Kisha akaniketisha mbele ya kompyuta, akanionyesha jinsi mambo hayo yanavyofanywa. Nakiri kwamba nilitoka pale nikiwa nimeelimika, na ni haki msomaji naye aelewe, kwa maana hatuwezi kulihukumu jambo tusilolijua.

Kuna nyakati ambapo kamera huzionea nyasi. Jua la saa sita likiwaka, kila jani hung'aa kama kioo kidogo na kurudisha mwanga mweupe wa mbingu, na rangi yake halisi ikamezwa na mng'aro huo. Tena mpiga picha anayetaka uso wa mtu mweusi aliyeketi kivulini uonekane vizuri hulazimika kuingiza mwanga mwingi kamerani, na hapo nyasi zilizo juani nyuma yake hupauka. Isitoshe, zile nyasi tunazoziita kijani zina umanjano mwingi kuliko tunavyodhani. Jicho letu husamehe, kamera haisamehe. Ndiyo sababu fundi mzuri hakimbilii kuongeza kijani. Huanza na manjano: huisogeza kidogo tu kuelekea kijani, akaipunguzia mwangaza, kisha akaacha. Tena humzungushia mtu mpaka kwa uangalifu ili marekebisho hayo yasimguse, kwa kuwa ngozi yetu ya hudhurungi nayo ina umanjano ndani yake. Asipofanya hivyo, mashavu ya bibi harusi hugeuka rangi ya ndizi mbichi.

Fundi mzuri zaidi hata haihitaji sana kompyuta. Huja asubuhi au hungoja jua lipungue makali, au hufunga kwenye lenzi yake kichujio cha kupunguza mng'aro wa majani. Nyasi zikionekana pichani kama zilivyoonekana kwa macho, nani atamlaumu? Huko ni kurejesha kilichopotea njiani baina ya jicho na kamera. Ni sawa na kufuta kioo cha dirisha ili mtu aone kilichoko nje.

Lakini alichofanyiwa mama yangu ni jambo jingine. Pale hapakuwa na kijani kilichopotea, hakikuwapo. Kurejesha ni kazi ya fundi, kubuni ni kazi ya msanii wa hadithi, na anayelipia kazi ya kwanza ana haki ya kutoletewa ya pili bila kuulizwa.

Najua wapo watakaoniambia kwamba ninafanya jambo dogo kuwa kubwa. Watasema picha ya ukumbusho si picha ya gazeti, na kwamba watu wetu wamepamba picha tangu zamani. Ni kweli. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivukoni Likoni, kule Mombasa, walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa mandhari ya fahari, na msafiri aliyetoka bara akapigwa picha mbele ya mambo ambayo hajawahi kuyaona. Lakini hakuna aliyedanganyika. Pazia lilijulikana kuwa pazia. Mteja alilichagua mwenyewe na hata wajukuu wake wakiitazama picha ile leo wanajua babu alikuwa akijifurahisha. Nyasi za kompyuta hazina upindo wa pazia. Zinajifanya kuwa ardhi yenyewe.

Wala si wadogo peke yao wanaokosea. Mnamo Februari 1982 jarida mashuhuri la National Geographic la Marekani lilitoa jalada lenye piramidi za Giza, zikiwa zimesogezwa karibu zaidi kwa mitambo ili picha ya mlalo itoshe katika jalada la wima. Piramidi hazikudhurika kwa lolote, ila imani ya wasomaji ilitikisika, na hadi leo kisa hicho hutolewa mfano kila mjadala huu unapozuka.

Tena tujiulize, hicho kijani tunachokikimbilia ni cha wapi? Sisi Waafrika tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza swali hilo. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia picha za rangi zilipima usahihi wa rangi zao kwa kadi zilizokuwa na sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ngozi zetu zikatoka giza tupu, meno na macho tu yakionekana. Tulilalamika, na kwa haki. Leo tumepata vyombo vinavyoweza kutuonyesha tulivyo, nasi wenyewe tunachukua ardhi yetu na kuipima kwa bustani za nchi zinyeshewazo mvua mwaka mzima. Lugha yetu yenyewe inatukanya. Neno kijani limetokana na jani. Sasa tunataka jani ndilo litokane na kijani.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, wilaya ambayo hadi mwaka 1992 ilijumuisha na Makueni. Miongoni mwa ushahidi wao mlikuwa na picha za miaka ya 1930 zilizolinganishwa na za mwanzo wa miaka ya 1990, zilizopigwa mahali palepale. Katika zile za kale vilima viko uchi na vimepasuliwa na makorongo. Katika zile mpya vina matuta na miti, ingawa watu walikuwa wameongezeka maradufu na zaidi. Picha hizo ni heshima kwa mikono ya wazee wetu, na hasa mama zetu, waliochimba matuta hayo kwa majembe. Je, kama mpiga picha wa miaka ya 1930 angalivionea haya vilima vile akavifunika majani ya kubuni, leo tungejuaje kwamba kuna kazi iliyofanywa?

Wajukuu wetu nao watatuuliza miaka hii ilikuwaje. Wataambiwa kulikuwa na ukame, nao watafungua picha za jamaa zilizohifadhiwa simuni na kuona kijani kitupu, harusi baada ya harusi. Watamwamini nani?

Kwa hiyo ninawasihi wapiga picha wetu wafanye jambo moja jepesi: wamuulize mwenye picha. Akitaka bustani ya peponi nyuma yake, na apewe, maadamu amechagua. Nasi wateja tuache kumlaumu kijana wa watu kwa kosa la mawingu.

Yule mpiga picha hakubisha. Alilirudisha vumbi mahali pake, akaichapisha picha upya bila kudai hata senti. Mama alipoiona alisema tu, "Hapa sasa ni kwangu," akaagiza itundikwe sebuleni. Mvua zilirejea mwaka 2023, na zile za mwisho wa mwaka huo zikapita kiasi. Mwezi wa Desemba mama mwenyewe ndiye aliyetaka yule kijana aitwe tena. Akaketi kwenye kiti kilekile, mahali palepale, nyasi zikimfikia vifundoni, na ndama mmoja kamba shingoni nyuma yake. Picha hizo mbili zinaning'inia ubavu kwa ubavu. Kila mgeni anayeingia huuliza kulitokea nini katikati yake, na mama huweka kikombe chake chini akaanza kusimulia.