Tufaha la Southwell na Jina la Mwenye Bucha

Katika mji mdogo wa Southwell, wilaya ya Nottinghamshire huko Uingereza, iko nyumba ya zamani kando ya barabara ya Church Street, na nyuma yake bustani. Mwaka 1809 msichana wa nyumba hiyo, Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu za tufaha, na mche mmoja ukakua hata ukawa mti. Baadaye aliolewa akahama, wala hakupata kujua sifa za mti wake.

Mwaka 1846 nyumba ilinunuliwa na Bwana Matthew Bramley, mwenye bucha. Matunda yaliyomo bustanini yalikuwa makubwa na makali mno kuliwa mabichi, lakini yakipikwa kwa sukari yalilainika na kuwa na ladha njema kabisa.

Siku moja mwaka 1856, Henry Merryweather, kijana wa miaka 17 ambaye jamaa yake walikuwa na shamba la miche mjini humo, alimwona mtu amechukua matufaha hayo. Alimwuliza yalikotoka, kisha akaenda kwa Bwana Bramley kuomba vijiti vya mti. Bwana Bramley alikubali kwa sharti moja: tufaha liitwe kwa jina lake. Hivyo aliyepanda akasahauliwa, na mwenye nyumba akapata jina bila hata kushika jembe!

Vijiti vilihitajiwa kwa sababu mbegu ya tufaha haizai tunda lililo sawasawa na la mama yake. Hukatwa kijiti, kikaungwa katika shina la mti mwingine. Kwa hiyo kila Bramley ulimwenguni ni kipande cha mti ule mmoja. Tarehe 31 Oktoba 1862 Merryweather aliandika katika daftari lake mauzo ya kwanza: Bramley 3 kwa shilingi 2. Mwaka 1876 kamati ya matunda ya Royal Horticultural Society ililisifu sana tufaha hilo, na miche ikatapakaa nchini.

Mwaka 1900 dhoruba iliuangusha mti wa kwanza, lakini ulichipua tena pale pale ulipolala. Adui wa pili alikuwa mbaya zaidi: kuvu ilaayo mizizi, jamaa ya ile iuayo chai katika mashamba ya Kenya. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichukua vipande vidogo vya mti huo mgonjwa, wakavikuza katika chupa, na miche iliyopatikana wakaipanda katika bustani ya chuo.