Stima Imerudi, Programu Imelala? Cheki Hii Form ya systemd

Wasee wa Kibera na Kawangware mnaijua hii: stima inapotea, inarudi, kompyuta ya saiba inawaka, lakini programu ya kuhesabu dakika za wateja imelala. Unasurf bure, mwenye saiba analia.

Dawa ni systemd. Lennart Poettering na Kay Sievers waliianzisha 2010, na tangu 2015 Ubuntu na Debian zinakuja nayo. Linux ikiwaka, hiyo ndiyo inaamka namba 1, halafu inaamsha wengine.

Fungua faili /etc/systemd/system/saiba.service, uandike:

[Service]
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/saiba/dakika.py
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now saiba

Wengi huchomeka hapa: "start" inaamsha programu saa hii tu. "enable" ndiyo inaiamsha kila mara mashine ikiwaka. Hiyo "--now" inakufanyia zote mbili.

Usiruke RestartSec. Bila hiyo, programu ikianguka inarudishwa chap chap, na ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd inachoka na kuiacha chini. Ukiipa sekunde 5 za kupumua, itaendelea kujaribu.

Ikikataa bado, usikisie. Iulize:

journalctl -u saiba -n 20

Itakuonyesha mistari 20 ya mwisho, na kosa kawaida liko hapo.

Jaribu leo: zima mashine, iwashe, usiguse kitu. Dakika zikianza kuhesabiwa zenyewe, umeiva.