KABLA HUJAPANDA NDEGE: SHERIA NA ADABU ZA UARABUNI



Hapa Mikindani, kuanzia Bangladesh mpaka upande wa barabara kuu, ni vigumu kupata mtaa usio na mtoto wake Saudia, Dubai, Qatar au Oman. Wazazi wanapotujia ofisini, swali huwa moja: "Mtoto wetu amepata viza, naye ni Mkristo. Huko kwa Waarabu ataishi vipi?" Ajenti huwaambia habari za mshahara. Mafunzo ya kabla ya safari huwafundisha kutumia mashine ya kufua na kupiga pasi. Mambo ya sheria na adabu hupitiwa mbio mbio, na ndiyo yanayowaletea vijana wetu taabu.

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuyaeleze hatua kwa hatua, kwa anayekwenda kazini na hata kwa anayekwenda kutembea tu. Si nia yetu kumtisha mtu, wala kuisema vibaya dini ya jirani zetu. Sisi wa Mombasa tumekaa na Waislamu miaka na miaka, tunakula pilau yao siku ya Idi nao wanakuja kwetu Krismasi. Lakini kuishi na Waislamu nchini Kenya ni jambo moja, na kuishi chini ya sheria za dola la Kiislamu ni jambo jingine. Hapa ukikosa adabu utaonekana mshamba, basi. Huko baadhi ya mambo tunayoyaita adabu yameandikwa katika sheria, na kuna faini na jela.

1. Nchi hazifanani

Watu husema "Uarabuni" kana kwamba ni nchi moja. Saudia pombe imekatazwa tangu mwaka 1952, ilhali Dubai huuzwa katika hoteli na maduka yenye leseni. Saudia hakuna kanisa hata moja. Kwingineko yapo: la Mtakatifu Maria mjini Dubai, la Watakatifu Petro na Paulo huko Ruwi, Muscat, na la Mama Yetu wa Rozari mjini Doha, lililofunguliwa mwaka 2008. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza ajenti ni hili: nchi gani, na mji gani? "Nitakwenda popote" si jibu la mtu anayejua anakokwenda.

2. Mavazi na salamu

Mambo haya mtoto wa Pwani anayafahamu nusu. Vua viatu mlangoni. Toa na pokea kwa mkono wa kulia. Mwanamume asimnyooshee mkono mwanamke mpaka mwanamke aanze mwenyewe, na kadhalika mwanamke kwa mwanamume. Kuweka mkono kifuani ni salamu tosha. Saudia ilipofungua milango kwa watalii mwaka 2019, wanawake wageni waliambiwa hawalazimiki kuvaa abaya, lakini kanuni za adabu za mwaka huo huo zinataka mabega na magoti yafunikwe, na zinakataza muziki wa kelele wakati wa sala na kubusiana hadharani. Anayefanya kazi nyumbani mwa watu avae kama wenye nyumba wanavyotaka. Aidha, bendera ya Saudia imeandikwa shahada, yaani tamko la imani ya Kiislamu. Usiikalie, usiitupe chini, wala usiifanye nguo.

3. Mwezi wa Ramadhani

Asiyefunga asile, asinywe wala asivute sigara mbele za watu mchana. Kuwait wana sheria ya mwaka 1968 juu ya jambo hili, na adhabu yake ni faini ya hadi dinari 100 au kifungo cha hadi mwezi mmoja. Kula ndani, mahali pa faragha, na si dharau kumwomba mama mwenye nyumba akuonyeshe mahali hapo. Kazi ya jikoni usiku huongezeka sana mwezi huo, kwa hiyo ulizia mapema saa zako za kupumzika.

4. Mzigo wako

Hapa tunaomba msomaji atulie. Miraa na muguka huuzwa hadharani kwetu. Saudia na Falme za Kiarabu mmea huo huo ni dawa ya kulevya, na hata shada moja la kumpelekea rafiki ni kosa la jinai. Kwa usafirishaji wa dawa za kulevya Saudia hutoa hukumu ya kifo, na tangu Novemba 2022 imerudia kuitekeleza. Basi usibebe mzigo wa mtu, hata akiwa ni binamu, hata akisema ni unga wa muhogo. Funga begi lako mwenyewe.

Dawa za hospitali nazo zina masharti. Vidonge vya maumivu vyenye kodeini au tramadoli vinadhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu. Beba barua ya daktari, na uliza ubalozi wao kabla ya safari.

La mwisho ni hirizi. Mama anamfungia mtoto hirizi kiunoni ili asafiri salama, au anamtilia dawa ya mganga katika chupa. Saudia uchawi ni kosa linaloshtakiwa mahakamani, na Desemba 2011 mwanamke mmoja aliuawa kwa hukumu ya kosa hilo. Wafanyakazi wa nyumbani pia wamewahi kushtakiwa. Tajiri akikuta kitu asichokielewa chini ya godoro, nani atakutetea? Acheni vitu hivyo nyumbani.

5. Simu

Vijana wetu wanapenda kujipiga video jikoni mwa tajiri na kuzituma kwenye mitandao. Hebu tuwaonye. Sheria ya Saudia ya mwaka 2007 kuhusu makosa ya mitandao inamwadhibu anayeingilia faragha ya mtu kwa simu yenye kamera: kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi riyali 500,000. Falme za Kiarabu nao wana sheria kama hiyo, na tusi la WhatsApp laweza kumfikisha mtu mahakamani. Usimpige picha mama, watoto, jirani, kituo cha polisi wala jumba la mfalme. Ukitaka kuonyesha nyumbani kuwa u mzima, jipige uso wako mbele ya ukuta mtupu.

6. Mapenzi na uzazi

Saudia uhusiano wa mwanamume na mwanamke nje ya ndoa ni kosa la jinai. Falme za Kiarabu zililegeza sheria zao kuanzia mwaka 2020, lakini Saudia haijafanya hivyo. Msichana akipata mimba bila cheti cha ndoa, anaogopa kwenda hospitali. Akijifungua, mtoto hukosa cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna kurudi nyumbani. Wapo akina mama wa Kenya waliokwama huko na watoto wao kwa sababu hii. Wengine walibakwa na waliowaajiri, kisha wakaogopa kushtaki wasije wakageuziwa kesi. Tunawaomba wazazi waongee na binti zao waziwazi kabla ya safari. Jambo kama hilo likitokea, msimfungie mlango. Binti anayehofia hasira ya baba yake huchelewa kupiga simu, na kuchelewa huko ndiko kunakomponza.

7. Sala

Saudia Mkristo haruhusiwi kusali hadharani wala kuhubiri. Kusali peke yako chumbani, na kuwa na Biblia moja ya kujisomea, kwa kawaida huachwa. Kubeba vitabu vingi vya kugawa ni kujitafutia makuu. Asiye Mwislamu haingii Makka kabisa, wala eneo la Msikiti wa Mtume huko Madina. Ukialikwa kusilimu na hutaki, jibu kwa upole kwamba umelelewa katika dini yako, usianze mabishano.

8. Ugomvi na damu

Katika kesi za mauaji Saudia hufuata kisasi: familia ya marehemu ndiyo yenye haki ya kudai auawe aliyeua, au kusamehe, au kupokea diya, yaani fidia ya damu. Mkenya mmoja aliyeua mwenzake katika ugomvi wa mwaka 2011 alikaa gerezani miaka mingi akingoja kuuawa, hadi alipoachiliwa Julai 2025 baada ya diya kulipwa. Mkono ukiwasha, ondoka hapo.

9. Haki zako

Adabu si utumwa. Kanuni za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani, zilizoanza Oktoba 2024, zinasema kazi isizidi saa kumi kwa siku, kuwe na siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya mwezi mmoja yenye malipo baada ya miaka miwili. Tajiri haruhusiwi kushika pasipoti yako. Tunajua wengi huishika tu, ndiyo maana uwe na nakala. Jihadhari pia na neno *huruub*, yaani tajiri kuripoti kwamba umetoroka. Ukikimbilia kwa marafiki unahesabika mtoro, na iqama yako haitakufaa kitu. Ukiteswa, kimbilia ubalozi wa Kenya, ambao uko Riyadh. Hata Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat tuna balozi zetu.

Kabla ya kuondoka

- Hakikisha ajenti yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Leseni ya zamani haitoshi. Mwaka 2014 serikali iliwahi kufuta leseni za maajenti kwa mamia.
- Soma mkataba kwa lugha unayoielewa, na usitie sahihi karatasi tupu.
- Acha nyumbani nakala ya pasipoti, viza, mkataba, na jina na simu ya tajiri.
- Patana na familia neno moja la siri. Ukilitaja kwenye simu, wajue uko taabani hata kama tajiri amesimama kando yako.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Tunaongeza: lifumbe moja tu, lile jingine liache wazi liangalie mkataba.

Maswali ya kujadili katika vikundi na jumuiya

1. Katika mtaa wetu, nani yuko Uarabuni, na nani anayo nakala ya karatasi zake?
2. Binti akirudi na mtoto, au bila pesa, sisi majirani tutampokea vipi?
3. Ni jirani gani Mwislamu aliyewahi kuishi huko tunayeweza kumwalika aje kutufundisha zaidi?